Jinsi Mama Alivyomlisha Paka

Adelgunda alikuwa amefikisha miaka sabini na mmoja bila kuona kwa macho yake chakula kilichotengenezwa kiwandani kwa ajili ya paka. Kusikia alikuwa amesikia. Mjukuu wake mmoja aliyekuwa akisoma Dodoma alimwambia kwamba mijini kuna maduka yanayouza chakula hicho kwenye mifuko yenye picha ya paka, naye Adelgunda akauliza kama ndani yake wametia panya. Wakacheka wote wawili, yakaisha.

Kwa hiyo alipouona mfuko wenyewe, mwezi wa Juni, juu ya meza yake mwenyewe pale Kiruruma, alivaa miwani akausogeza dirishani ausome. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza na ya lugha nyingine asiyoijua. Picha ilikuwa ya paka mnene wa kijivu, macho ya kijani, anayetazama kama mtu aliyezoea kuhudumiwa. Adelgunda aliutikisa mfuko. Ukalia kama kokoto ndani ya kibuyu.

Aliyeuleta alikuwa mdogo wake, Sperancia.

Walizaliwa nyumba moja, Nyakakika, baba mmoja mama mmoja. Adelgunda ndiye kifungua mimba, Sperancia kitinda mimba, na katikati yao alikuwepo kaka yao Aristides, ambaye ndiye aliyebaki na kibanja cha baba, yaani nyumba na shamba lake la migomba. Dada hao wawili walipishana miaka kumi na mmoja. Mwaka sabini na mbili Adelgunda aliolewa Kiruruma, Sperancia akiwa mtoto wa miaka minane aliyelia siku ya harusi mpaka akaachwa ashike pindo la nguo ya dada yake kanisani. Baada ya hapo kila mmoja alikwenda na njia yake. Adelgunda alizaa watoto watano, akalima ndizi na kahawa, akamzika mumewe Karekezi. Sperancia alisoma, akaajiriwa posta, akakaa dirishani kwa miaka thelathini na minne akiuza stempu na kupokea vifurushi, kwanza Bukoba, halafu Mwanza. Hakuolewa. Walipigiana simu kila Jumapili jioni baada ya ibada. Walitembeleana kwenye misiba na vipaimara. Lakini kulala nyumba moja zaidi ya wiki, hilo halikuwahi kutokea kwa miaka hamsini na miwili.

Ndipo Sperancia akapiga simu siku isiyokuwa Jumapili.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Hakuna kibaya. Nimestaafu. Nyumba niliyopanga wanaitaka. Nimefikiri nije nikae na wewe, kama utaniruhusu."

"Unaomba ruhusa ya kuja nyumbani," alisema Adelgunda. "Njoo."

Alitumia wiki mbili kuandaa chumba. Akapaka kuta chokaa, akaagiza godoro jipya kutoka Kayanga, akahamisha magunia ya maharage yaliyokuwa yamelala mle tangu mwanawe wa mwisho alipoondoka. Gari la kukodi liliposimama uani, lilishusha masanduku matatu, friji ndogo, cherehani, na kikapu chenye mfuniko. Ndani ya kikapu mlikuwa na paka dume, mweupe, mwenye doa jeusi la mraba katikati ya masikio, kama kitu kilichobandikwa pale kwa ulimi.

"Anaitwa Stempu," Sperancia alisema.

"Nimeona," alijibu Adelgunda.

Jioni ile ya kwanza Adelgunda alimwandalia mgeni huyo chakula kama alivyokuwa amewaandalia paka wake wote. Alichukua kipande cha ndizi iliyopikwa, akakiponda kwa mgongo wa kijiko, akakimwagia mchuzi wa dagaa kutoka chungu kilekile cha watu, akaongeza dagaa wawili watatu juu. Akaweka bakuli karibu na mlango wa jikoni. Paka alinusa, akarudi nyuma, akamtazama Sperancia.

"Usijisumbue, dada. Hicho hajazoea," Sperancia alisema. Akafungua mfuko wake, akamimina punje kwenye kisahani cha bati. Stempu aliinama akaanza kutafuna, kakara, kakara, kakara.

"Anakula kama mbuzi aliyepata mahindi," Adelgunda alisema. "Na mchuzi?"

"Hakina mchuzi. Ni kikavu. Kuna na cha kopo, chenye majimaji, lakini daktari wa Mwanza aliniambia kikavu kinasafisha meno, na hakiozi ukikiacha siku nzima."

"Paka kula kitu kikavu siku zote. Mama angemwonea huruma."

Sperancia alicheka. "Mama? Mama mwenyewe paka alikuwa akimpa kikavu."

Adelgunda aliweka kijiko chini. Alidhani amesikia vibaya.

Kwa maana kama kulikuwa na kitu kimoja ambacho Adelgunda alikiona waziwazi akifumba macho, kuliko hata sura ya marehemu baba yao, kilikuwa ni mikono ya mama yao, Evaresta, ikimwandalia paka chakula. Ilikuwa asubuhi, baada ya maziwa. Baba alikuwa na ng'ombe wanne siku hizo. Mama alikaa kwenye kigoda karibu na mafiga, miguu ameinyoosha upande mmoja, na pembeni yake kulikuwa na bakuli la maji ya uvuguvugu ambamo aliloweka furu, wale samaki wadogo wa kukaushwa kwa moshi waliokuja kutoka ziwani wakiwa wametungwa kwenye vijiti. Aliwatoa mmoja mmoja. Aliwafungua tumbo kwa kucha ya kidole gumba, akavuta mfupa wa mgongo ukatoka mzima, akaponda nyama kwa vidole vitatu juu ya kipande cha jani la mgomba alilolipitisha motoni mpaka likalainika. Mwisho alidondoshea maziwa. Halafu akaita, "Kajangu, Kajangu," yaani kapaka, kwa sauti ambayo hakuitumia kwa mtu yeyote mwingine. Yote hayo aliyafanya taratibu sana. Adelgunda alikuwa msichana mdogo aliyekaa mlangoni na jua mgongoni, na katika maisha yake yote, kila alipowaza maana ya neno amani lililosomwa kanisani, ni picha ile iliyomjia.

"Mama alikuwa akiloweka," alisema. "Furu. Kwenye maji ya moto. Alikuwa akitoa na mifupa."

"Dada, hapana." Sperancia alizungumza kwa upole wa mtu aliyesahihisha anwani za watu maisha yake yote. "Furu walikuwa wakining'inia kwenye uchaga juu ya mafiga. Mama alikuwa akipita, anachomoa mmoja kwenye kijiti, anamrusha hivi, bila hata kutazama, na paka anaruka anamdaka hewani. Mimi na Ta Aristides tulikuwa tukipiga makofi. Ulikuwa mchezo wetu wa kila siku."

"Mama hakuwahi kurusha chakula."

"Alikuwa akirusha. Nilikuwepo."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Hawakuendelea. Ilikuwa siku ya kwanza, na wote wawili walitaka iishe vizuri.

Majuma yaliyofuata waliishi kama watu wanaovaa viatu vipya. Sperancia aliamka amechelewa, kwa hesabu ya Adelgunda, na kuoga kwa maji mengi. Adelgunda alizungumza na migomba akiwa shambani, kwa hesabu ya Sperancia, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Lakini walijifunza kupendana upya. Sperancia alishona mapazia ya nyumba nzima. Alimsimulia dada yake habari za dirisha la posta: mzee mmoja wa Muleba aliyekuja kila mwezi kuuliza barua ya mwanawe, akaja miaka sita, na siku barua ilipofika kweli akakataa kuipokea mpaka akanyoe ndevu. Jioni walimenya ndizi pamoja uani, maganda yakirundikana katikati yao, na Adelgunda alishangaa kuona mdogo wake anashika kisu kama alivyokuwa akikishika mama, kidole cha shahada kimelazwa juu ya mgongo wa kisu. Yeye mwenyewe alikuwa hashiki hivyo. Mama mkwe wake alimbadilisha mkono mwaka wa kwanza wa ndoa.

Kuhusu paka hawakupatana. Sperancia alimpimia punje asubuhi na jioni kwa kikombe kidogo. Kisha, mdogo wake akienda kuoga, Adelgunda alimwita Stempu nyuma ya jiko na kumwekea ndizi na mchuzi. Wiki ya kwanza paka aligusa tu. Wiki ya pili alilamba mchuzi akaacha ndizi. Wiki ya tatu alikuwa akimsubiri nyuma ya jiko kabla hajaitwa, na Adelgunda akahisi ushindi ambao alijua ni wa kitoto, lakini akaufurahia vilevile.

Sperancia aligundua. Kisahani chake kilikuwa kikibaki na punje.

"Unampa nini?"

"Chakula."

"Dada, huyu ana miaka saba. Nimemlea kwa hiki miaka saba. Hujui mchuzi wako una nini."

"Una dagaa, nyanya, kitunguu na chumvi. Ndicho ninachokula mimi na ndicho unachokula wewe. Wewe huo mfuko wako unajua una nini? Umeandikwa Kituruki."

Sperancia aliutazama mfuko. "Sidhani kama ni Kituruki," alisema, akaingia chumbani.

Mwanzoni mwa Septemba Stempu aliugua. Alianza kwenda kona ya ua, akichuchumaa, akikaa muda mrefu, akiondoka bila kuacha kitu ila matone. Alikuwa akilia kwa sauti ya chini. Siku ya pili hakula kikavu wala kilaini. Alijilaza chini ya kitanda cha Sperancia na kujilamba mahali pamoja.

Walimpigia simu bwana mifugo wa kata, Byabato, kijana wa miaka arobaini hivi, aliyesema yuko Rugu kwenye chanjo ya mbuzi na atafika akimaliza. Saa zile za kungoja ndizo zilizoharibu mambo. Sperancia alikuwa amekaa sakafuni na mkono wake chini ya kitanda. Adelgunda alisimama mlangoni, hajui aingie au aondoke.

"Ni mchuzi," Sperancia alisema bila kugeuka.

"Ni hizo kokoto zako. Kiumbe cha Mungu hakili kokoto miaka saba. Mama alilijua hilo, na hakusoma."

"Usinitajie Mama."

"Nisimtaje mama yangu?"

"Wewe mama unayemsema simjui." Sasa Sperancia aligeuka. Uso wake ulikuwa umechoka. "Kila siku tangu nije, Mama alikuwa akikaa, Mama alikuwa akiloweka, Mama taratibu, Mama kwa upole. Mimi sikumwona Mama akikaa chini hata siku moja. Wewe uliondoka, dada. Nilikuwa na miaka nane. Ukaondoka ukaenda kwako, na sisi tukabaki naye. Usinifundishe mama niliyebaki naye mimi."

Adelgunda alitoka akaenda mpaka mwisho wa kibanja, kwenye mpaka wa mibuni, akasimama kule. Kwa miaka hamsini alikuwa amejihesabu kuwa ndiye aliyebaki. Sperancia ndiye aliyekwenda mijini, aliyevaa sare, aliyerudi na masanduku. Yeye ndiye aliyeshika jembe, ndiye aliyekuwa karibu kila mtu alipokufa. Haikuwahi kumpitikia akilini kwamba kuna mtu ambaye, katika hesabu yake, yeye ndiye aliyeondoka.

Byabato alifika alasiri na pikipiki yake, amejaa vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, Ma Adelgunda. Shikamoo, mama. Naomba niseme ukweli tangu mwanzo: mimi ni mtu wa ng'ombe. Paka nimetibu watano au sita."

Hata hivyo alikuwa na mikono mizuri. Alimlaza Stempu juu ya gunia, akambonyeza tumbo kwa vidole viwili, akatulia akisikiliza kwa ncha za vidole. Kisha akampigia simu mtu aliyesoma naye, aliyekuwa Bukoba, wakazungumza kwa muda, Byabato akiuliza na kurudia majibu kwa sauti. Alipokata simu alimchoma paka sindano, akakaa kwenye ngazi ya mlango.

"Kibofu hakijaziba. Kingekuwa kimeziba ningewaambia mpande gari sasa hivi. Mkojo wake umekuwa mzito, una kama mchanga ndani, unamkwaruza akitaka kuutoa. Madume hupatwa sana. Anakula nini?"

Wote wawili walianza kusema, wakanyamaza, wakaleta kila mmoja chake. Byabato aliukagua mfuko wa Sperancia, akatia punje moja mdomoni akaitafuna, jambo lililomfanya Adelgunda amheshimu zaidi. Halafu akanusa sufuria ya mchuzi.

"Hiki kikavu si kibaya," alisema. "Kimetengenezwa na watu wanaojua. Lakini maji hakina, na paka si mnywaji. Asili yake anapata maji kwenye nyama anayokula. Anakunywa maji huyu?"

"Mwanza alikuwa akinywa ya bombani, yanayotiririka," Sperancia alisema. "Hapa naona hanywi."

"Basi ndiyo hiyo. Na cha kwako, Ma Adelgunda, maji kinayo, hilo ni zuri sana. Ila kina chumvi, na kina kitunguu. Kitunguu kwa paka ni kibaya kweli, kinamharibia damu. Ndizi haina faida kwake, anaifuata kwa ajili ya samaki tu."

Adelgunda aliweka mkono kifuani. "Kitunguu?"

"Kitunguu, mama."

"Nimelea paka hapa miaka hamsini kwa kitunguu."

"Na walikuwa wakila panya huko ghalani, ndiyo wakaishi. Huyu mstaafu hawindi." Alisimama akajipangusa. "Mpeni kilaini. Dagaa wachemshwe bila chumvi, bila kitu chochote, na apewe na maji yao. Hizi punje msizitupe, zina vitu ambavyo dagaa peke yao hawana, ila zilowekwe. Kesho mchana kama mkojo hautoki, nipigieni, na mjiandae kwa safari ya Bukoba."

Akaondoka. Dada na mdogo wake walibaki wamesimama na sufuria na mfuko mikononi, kama watu wawili waliopigwa faini moja.

Mkojo ulitoka asubuhi, na Sperancia alikuja jikoni kumwambia dada yake kabla hata hajanawa uso. Kwa siku tatu Adelgunda alichemsha dagaa kwenye kisufuria cha peke yake, na Sperancia aliloweka punje kwenye kikombe mpaka zikavimba. Walizungumza kuhusu paka, hali ya hewa, na nani atakwenda sokoni. Yale mengine hawakuyagusa.

Jumapili, baada ya ibada, Aristides alikuja kutoka Nyakakika kuwajulia hali. Alikuwa na miaka sitini na sita, mrefu, mpole, na masikio yake yalianza kumdanganya, kwa hiyo alizungumza kwa sauti kubwa. Alileta mkungu wa ndizi na kuku mmoja. Walipokwisha kula, alimwona Adelgunda akikaa kumpasulia paka dagaa, akatabasamu.

"Ma Adelgunda, umekaa kama Mama."

Sperancia alikuwa akikusanya sahani. Alisimama.

"Ta Aristides," alisema, "hebu tuamulie. Mama alimlisha paka vipi?"

"Paka yupi?"

"Paka wa nyumbani. Kajangu."

"Ndiyo nauliza, yupi? Walikuwepo wawili, wote wakiitwa Kajangu. Mama hakujisumbua na majina." Aliweka kikombe chini. "Yule wa kwanza alikuwa jike, wa madoadoa, mzee sana. Hakuwa na meno. Alikuwa wa bibi, Mama alimrithi nyumba ilipojengwa. Huyo alikuwa akilowekewa, maana hakuweza kutafuna. Alikufa mwaka ule ule ulioolewa, Ma Adelgunda, mvua za kwanza zilipoanza. Halafu akaja yule wa manjano, mtoto, mkorofi. Huyo alikuwa akidaka."

"Hewani," alisema Sperancia.

"Hewani kabisa. Siku moja alidaka kidole changu."

Adelgunda aliwatazama wote wawili. Alihisi kitu kikilegea ndani yake, na pia alihisi kwamba hakijaisha. "Lakini siku zote nilipokuja nyumbani kusalimia," alisema, "nilimkuta Mama amekaa. Kwenye kigoda chake. Tulizungumza mpaka jua linazama. Huyo mama wa kurusha samaki akipita, mimi sikumwona hata mara moja."

Aristides alimtazama mdogo wake, kisha akamtazama dada yake, na kwa mara ya kwanza siku ile akashusha sauti.

"Ulikuwa ukituma salamu kwanza kwamba unakuja. Mama alikuwa akimaliza kazi ya siku mbili kwa siku moja, ili ukifika akukute amekaa. Alituambia tusikwambie. Baba alifariki hujamaliza mwaka kwa mumeo. Ng'ombe waliuzwa wote. Alibaki na kibanja na kahawa na sisi wawili, na alikuwa akitoka na umande anarudi na giza. Huyo paka wa kurushiwa, alikuwa akirushiwa kwa sababu Mama hakuwa na muda wa kuinama. Alisema msichana aliyeolewa akijua kwao kuna shida, hawezi kutulia kwake."

Stempu alikuwa akila, akilamba maji ya dagaa pembeni ya kisahani. Adelgunda alikumbuka siku moja ya mwaka sabini na tano alipofika Nyakakika na mtoto mgongoni, akamkuta mama kwenye kigoda, mikono imelala mapajani, na viganja vyake vilivyopasuka amevipaka samli mpaka vinang'aa. Alimuuliza kwa nini samli. Mama alisema ni kwa ajili ya baridi.

"Nilikuja kwenye mazishi ya baba," alisema polepole. "Nilikaa siku nne. Nikarudi."

"Ndivyo ilivyotakiwa," Aristides alisema.

Sperancia alirudisha sahani mezani, akaja akakaa kwenye mkeka, karibu na dada yake, begani kwake kabisa. "Mimi nilidhani unajua," alisema. "Miaka yote nilidhani unajua na hukuja kutusaidia. Nisamehe kwa nilivyosema."

"Ulisema kweli."

"Hata kama ni kweli."

Aristides aliondoka kabla ya jua kuzama, akapanda bodaboda iliyokuja kumchukua, amefungiwa mbegu za maharage na chupa ya samli. Alimuaga paka pia, kwa kumgusa lile doa lake jeusi kwa kidole kimoja.

Stempu alipona. Utaratibu uliobaki ulikuwa huu: asubuhi Adelgunda alimpa dagaa waliochemshwa, na jioni Sperancia alimpa punje zilizolowekwa. Mfuko ulipokwisha, Sperancia aliagiza mwingine Bukoba, mdogo zaidi, na Adelgunda mwenyewe ndiye aliyekwenda Kayanga kuupokea stendi, akaubeba kwapani bila kuuficha. Mara chache, Sperancia akiwa na furaha, alirusha punje moja kavu juu. Stempu hakuwahi kudaka hata moja. Aliitazama ikianguka, kisha akaitembelea pale ilipoangukia kama mtu anayekagua mali.

Kilichobadilika zaidi kilikuwa mazungumzo yao ya jioni. Adelgunda aliacha kusema Mama alikuwa hivi, Mama alikuwa vile. Alianza kuuliza. Mama alivaa nini wakati wa kuchuma kahawa? Koti la baba, Sperancia alisema, lile la kanisani, mpaka viwiko vikatoka. Aliimba? Hapana, alikuwa akisema na wewe. Na mimi vipi? Alikuwa akikusimulia habari za siku, kama vile uko upande wa pili wa mbuni unachuma naye. Adelgunda aligeuza uso, akajifanya anatafuta kisu.

Jioni moja ya mwezi wa Oktoba mvua ilianza ghafla, wakakimbilia ndani na beseni la ndizi zilizomenywa nusu. Walikaa sebuleni wakisikiliza bati. Sperancia alivuta hewa kwa pua.

"Mvua kama hii," alisema, "tulikuwa tunaanua kahawa tunaimwaga sebuleni, chumba chote, mpaka kwenye miguu ya vitanda. Tulilala juu yake. Mama katikati, mimi huku, Ta Aristides kule. Ilikuwa inachoma mgongo, lakini ilikuwa na joto. Mvua ikinyesha ndipo Mama alikuwa hana pa kwenda. Anacheka, anatutania. Nilikuwa naomba mvua inyeshe wiki nzima, na kumbe kahawa inaoza."

Adelgunda hakuwahi kulala juu ya kahawa. Katika nyumba ile ile, katika sebule ile ile, hakuwahi. Aliweka ndizi aliyokuwa akimenya ndani ya beseni, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Anza mwanzo," alisema. "Alikuwa akiwatania vipi?"